Nimeng'oa viti vya Altezza, sasa ndani kunanuka moshi

SWALI

Habari za kazi, mafundi wa safu hii.

Nina Toyota Altezza RS200 ya mwaka 1999, gia za mkono, injini ya 3S-GE. Naishi Tabata, Dar es Salaam. Siku za wiki inanipeleka kazini Posta na njiani namwacha mwanangu wa miaka saba shuleni. Mara moja kwa mwezi naiingiza kwenye mbio za kushindana na saa, zile za gari moja moja. Wenzangu wenye gari kama langu wananiacha kwa sekunde mbili, nikaamua kupunguza uzito. Fundi wangu anasema kilo 200 zinatoka bila shida.

Mpaka sasa tumetoa kiti cha nyuma, kapeti lote, spea tairi na makava ya buti. Kiti cha abiria tulikitoa pia, nikakirudisha baada ya siku mbili maana mtoto hana pengine pa kukaa. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Taa ya SRS, ile ya mifuko ya hewa (eabegi), imewaka na haizimi. Nikikwama kwenye foleni ya Buguruni ndani kunanuka moshi, na mwanangu analalamika kichwa kinamuuma. Kwenye kona mkia unarukaruka, jambo ambalo halikuwepo.

Wiki ijayo fundi anataka kukwangua lami ya sakafuni ya kuzuia kelele, kukata vyuma vilivyo ndani ya milango, halafu anitengenezee rolikeji, ile fremu ya mabomba ya kumlinda dereva gari likipinduka, kwa bomba za maji atakazonunua mtaa wa Gerezani kwa bei nafuu. Waya za eabegi anasema atazikata zote ili taa izime. Niendelee naye? Na hizo kilo 200 zipo kweli?

Mwenye Altezza, Tabata

JIBU

Ndugu yetu wa Tabata, kilo zitasubiri. Tuanze na kichwa cha mtoto.

Kuanzia leo asipande gari hilo mpaka moshi upatiwe dawa. Hewa inayoua kwenye moshi wa injini ya petroli ni kaboni monoksaidi, nayo haina rangi wala harufu. Unachokinusa ni gesi nyingine zinazofuatana nayo. Mtu kuumwa kichwa akiwa ndani ya gari ni dalili ya kwanza ya hewa hiyo, na mtoto huzidiwa nayo mapema kuliko mtu mzima. Kufungua vioo siyo tiba. Gari likitembea, hewa ya nyuma yake hupungua shinikizo na moshi huzunguka pale kwenye buti, hivyo vioo vya mbele vikiwa wazi unaweza kuuvuta zaidi kuingia ndani.

Unaingilia wapi? Kapeti, kiti cha nyuma na makava ya buti havikuwekwa kwa ajili ya urembo peke yake, vilikuwa vinaziba. Sakafu ya gari ina matundu ya mviringo ambayo kiwandani yalitumika kumwaga rangi iliyozidi, na kila tundu lina kizibo cha mpira. Mipira ya mwaka 1999 imekauka. Ukivuta kapeti lililogandia, baadhi hung'oka nayo bila wewe kuona. Nyuma ya bampa, pembeni mwa buti, kuna vidirisha vya plastiki vyenye vifuniko vya mpira vinavyofunguka kwenda nje tu. Kazi yake ni kutoa hewa ya ndani ukifunga mlango. Vikipinda au kujaa vumbi hubaki wazi muda wote, na sasa hakuna kava la kuvifunika. Kagua pia mpira wa mlango wa buti, gasketi za taa za nyuma, na kifuniko cha pampu ya mafuta, ambacho kwenye gari nyingi huonekana kiti cha nyuma kikitoka. Harufu ya petroli mbichi, hasa ukitoka kujaza tenki, chanzo chake huwa ni hicho kifuniko au gasketi yake. Harufu ya moshi ulioungua inapita kwenye matundu mengine.

Kuyapata ni rahisi. Usiku, gari likiwa limezimwa, ingia ndani ufunge milango yote, mwenzako apite nje na chini akimulika kwa tochi kali taratibu. Popote utakapoona mwanga, tia alama ya chaki. Matundu ya mviringo yarudishie vizibo vipya vya mpira vya saizi yake. Usijaze silikoni peke yake, kwa sababu hudondoka sakafu ikipata joto la ekzosi. Kisha kagua ekzosi yenyewe: injini ikiwa ya baridi na imewashwa, mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kizito sekunde chache, wewe sikiliza kwenye maungio. Penye mluzi au mtutumo ndipo panapovuja, na kama ni chini ya sakafu basi umempata mchawi wa pili.

Taa ya SRS. Kama Altezza yako ni ya zile zenye eabegi za ubavuni, chini ya kiti cha abiria kuna soketi ya rangi ya manjano. Kwenye mfumo huu manjano maana yake ni kitu kimoja: waya huo unaishia kwenye baruti. Inaelekea kiti kilipokuwa nje mliwasha swichi, kompyuta ya SRS ikaona mzunguko umekatika na kuandika kosa. Kosa hilo halijifuti kwa kurudisha soketi. Fundi umeme mwenye mashine ya kusomea analifuta kwa dakika chache, mradi soketi imekaa hadi ikalia "tak". Taa ikiwa imewaka, usihesabu kwamba eabegi yoyote itafanya kazi, hata ya usukani.

Kukata waya hakutazima taa, kutaikoleza. Na kuna hatari ya papo hapo: umeme mdogo tu, hata ule wa mita ya kupimia waya, unaweza kulipua eabegi usoni kwa mtu aliyeinama. Anayegusa chochote cha manjano atoe kwanza waya wa hasi wa betri, kisha asubiri. Toyota wanataka sekunde 90 kwa uchache. Subiri dakika tatu, hazikupotezei kitu. Eabegi iliyotoka iwekwe upande wa mto ukitazama juu, mahali pasipo na jua. Ukiilaza kifudifudi ikalipuka, inaruka kama kombora. Mikanda ya mbele nayo mara nyingi ina kivutio cha baruti kwenye kitako chake, kwa hiyo sheria ni hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kilo. Jambo la kwanza tunalomwomba kila anayetaka kupunguza uzito ni kununua au kuazima mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza chuma chakavu. Daraja la mizani la malori halikufai, maana husoma kwa hatua kubwa na kapeti zima linaweza lisionekane. Funga kamba kwenye kiti, kining'inize, soma, andika kwenye daftari. Bila daftari utabaki na maneno ya kijiweni, na kilo 200 za fundi wako ni za kijiweni.

Kwa sedani ya aina yako hesabu hukaribia hivi, na mizani yako ndiyo itakayosema neno la mwisho. Kiti cha nyuma kilo 16. Viti viwili vya mbele 40. Kapeti na sponji yake 11, lami ya sakafuni 9, makava ya milango minne 9, silingi na plastiki za nguzo 5, makava ya buti 5. Spea tairi, jeki na vifaa 20. AC yote, yaani kompresa, kondensa, mabomba na kipoza hewa cha ndani, 18. Redio, spika na boksi la besi, kama unalo, 25. Jumla kilo 158. Hiyo ni gari tupu kabisa, la kuendesha huku jasho linakutiririka machoni.

Lakini gari tupu hivyo halifai kushindanishwa mpaka urudishe vitu vingine. Keji ya kweli ni kilo 45 hivi. Kiti cha mbio na reli zake 13, mikanda ya mbio 3, kizimamoto na kishikio chake 4, ukuta wa bati kati ya buti na chumba cha dereva pamoja na mabati ya milango 4. Hizo ni 69 zinazorudi. Faida yako halisi ni kilo 89.

Sasa linganisha na vitu unavyoweza kutoa siku ya mbio kwa mkono na kuvirudisha jioni bila kukata hata waya mmoja: kiti cha nyuma 16, spea na vifaa 20, makava ya buti 5, boksi la besi na redio 25. Jumla 66. Yaani kuliharibu kabisa gari linalompeleka mtoto shule kutakupa kilo 23 zaidi. Petroli peke yake inakaribia kuzilipa: lita moja ina uzito wa takriban kilo 0.75, kwa hiyo kuingia mbioni ukiwa umepunguza lita 20 ni kilo 15. Usishuke chini ya robo tenki, kwani kwenye kona ndefu mafuta hukimbilia upande mmoja na pampu ikavuta hewa.

RS200 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 210 na uzito wa kilo 1,340 hivi. Kila farasi anabeba kilo 6.4. Ukitoa kilo 81, yaani zile 66 na 15 za petroli, anabeba kilo 6.0, sawa na kuongeza farasi 13 hivi kwenye injini. Ni faida ya kweli, ila sekunde mbili zote hazipo hapo. Kabla ya kununua chochote, linganisha tairi zako na za hao wanaokuacha, tarehe ya kutengenezwa na aina ya mpira. Angalia pia pedi za breki na mafuta ya breki ya DOT 4 yamekaa humo miaka mingapi. Mara nyingi sekunde zimelala huko.

Kuhusu keji tutasema kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapouziwa kifo kwa bei nafuu.

Bomba la maji limekunjwa kutoka kwenye bati na kuchomelewa mshono urefu wake wote. Kazi yake ni kuhimili shinikizo la maji. Likigongwa ubavuni mshono hupasuka, na bomba lililopasuka huchoma kama mkuki. Lile la mabati limepakwa zinki, na zinki ikichomelewa hutoa mvuke unaomwumiza fundi kifua, huku weldi ikibaki na vitundu ndani kama mkate. Kwa nje utaona imekaa vizuri.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kwa magari ya mbio, kwenye kifungu cha 253 cha Nyongeza J, zinataka bomba lisilo na mshono, la chuma cha kaboni kilichovutwa baridi. Upinde mkuu ulio nyuma ya dereva uwe wa kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine yawe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Bomba la 38 lina uzito wa kilo 2.2 kwa mita na la 45 kilo 2.6, keji ya mita 19 au 20 ndiyo inakupa zile 45. Mtu akikuletea keji nzima ya kilo 25, kwa hesabu hiyo ujue unene umeibwa mahali. Kila mguu usimame juu ya bati la kuimarisha lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita mraba 120, lililochomelewa kwenye bodi, na bolti zisizopungua tatu za M8 za daraja la 8.8. Mguu uliosimama kwenye sakafu tupu hutoboa sakafu gari likipinduka, na dereva hushuka pamoja na paa. Wakati wa kuchomelea betri itoke, soketi za kontrolboksi ya injini na ya SRS zichomolewe, na klempu ya ethi ikae karibu kabisa na panapochomelewa.

Hata keji nzuri ina masharti. Imekusudiwa mtu aliyefungwa mikanda ya mbio na kuvaa helmeti. Kwenye gari la kuendea kazini, ambapo huna helmeti na mkanda wa kawaida unakuachia kichwa kiende mbele na pembeni, bomba la chuma liko sentimita chache kutoka kwenye fuvu lako. Ajali ndogo ambayo ungetoka nayo na kovu inakuwa kubwa. Ndiyo maana tunasema keji au mtoto, siyo vyote. Wala usitafute njia ya katikati kwa kufunga mikanda ya mbio kwenye kiti cha kawaida. Isipokuwa na kamba za chini ya mapaja, tumbo linateleza chini ya mkanda. Na kamba za mabegani zikifungwa sakafuni nyuma ya kiti, gari likigonga huuvuta uti wa mgongo kwenda chini. Zinatakiwa ziende nyuma karibu sawa na bega, mteremko usizidi nyuzi 10 ikiwezekana, na kamwe zisipite 45.

Vyuma vya milango visikatwe. Kila kimoja hakifiki kilo 3, na Altezza yako ikigongwa ubavuni pale Buguruni ndicho pekee kilichobaki kati ya bampa la daladala na mbavu zako.

Lami ya sakafuni iache pia. Tunaeleza tu ujue kazi ilivyo ukija kupata gari la mbio peke yake. Hutolewa kwa barafu kavu: unaimwaga juu ya lami, unasubiri dakika 10 hadi 15 inakakamaa, unagonga kwa nyundo ya mpira inapasuka vipande kama kigae. Barafu ya samaki ya Feri haisaidii, hiyo iko kwenye nyuzi 0 na barafu kavu iko kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Glavu nene, milango yote wazi, kwani inageuka kuwa kaboni dayoksaidi na chumba cha gari hujaa upesi. Anayetumia moto wa gesi badala yake anafanya kazi juu ya bomba la petroli na waya za gari. Na chuma kikibaki wazi lazima kipigwe praima na rangi mara moja, maana kwa hewa ya chumvi ya Dar kutu haisubiri masika.

Mkia unaorukaruka una sababu nyepesi. Umetoa zaidi ya kilo 40 nyuma ya katikati ya gari, na springi ni zile zile. Nyuma imeinuka milimita kadhaa, springi sasa ni ngumu kuliko mzigo wake, na kemba na too, yaani pembe za tairi, zimehama kwenye vipimo vyake. Kwa gari linalosukumwa na tairi za nyuma maana yake ni mshiko kidogo pale pale unapouhitaji. Usikubali kukata springi. Siku ya mbio punguza upepo wa tairi za nyuma kwa psi 2, jaribu, kisha amua. Kama shokomzoba zako zina skrubu ya kurekebisha, legeza za nyuma hatua mbili. Kama zina miaka 10 na mafuta yanavuja, ndizo zinazoruka, na hakuna marekebisho yatakayozisaidia. Alaimenti ipimwe gari likiwa katika hali ya barabarani, siyo ya mbio.

Kapeti lirudi wiki hii. Chini yake kuna waya za pampu ya mafuta, taa za nyuma na ABS zikipita pembezoni mwa kizingiti cha mlango, na sasa mwanao anazikanyaga kila akipanda. Waya ukichubuka kwenye chuma unapiga shoti. Kabla ya kulitandika, papasa waya zote kwa kidole, penye mchubuko funga tepu ya kitambaa na uzirudishie klipu zake.

Kuhusu fundi wako, huenda ana mkono mzuri wa injini. Lakini kwenye kukata na kuchomelea hapana. Waulize waandaaji wa mbio zako wanakudai nini, na kanuni za ngazi hiyo zipo AAT, chama cha magari cha Tanzania kilicho mwanachama wa FIA. Kama una bima kubwa, soma pia inasema nini kuhusu gari lililobadilishwa na kuingizwa mashindanoni.

Kapeti likisharudi, rudisha kiti cha nyuma. Anza na egemeo: lining'inize kwenye kulabu za juu, shusha, kaza bolti za chini. Buckle za mikanda zitoe nje ya kikalio kabla hujakikandamiza, watu wengi huzifukia humo. Kandamiza ukingo wa mbele wa kikalio kwa magoti mpaka klipu zote mbili zilie. Bolti za mikanda zina uzi wa inchi, 7/16 UNF, siyo wa milimita, kwa hiyo kama mlichanganya kwenye kopo usilazimishe ya M10 au M12. Dakika 20 zinatosha.

Ijumaa kabla ya mbio utakitoa tena. Swichi ikiwa imezimwa, kiti cha abiria usikiguse, bolti za kila kitu kwenye mfuko wake wa nailoni ulioandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Buti likibaki tupu, chomeka bati la aluminiamu la milimita 1 kati yake na chumba cha abiria, mpira ukingoni kote, likazwe kwa skrubu ili litoke Jumapili. Kizimamoto cha unga cha kilo 2 kifungwe kwa mikanda ya chuma mbele ya kiti cha abiria, mahali mkono wako unapofika ukiwa umejifunga. Ukikiacha huru sakafuni, kona ya kwanza kitakwenda chini ya pedali ya breki.